Kwanza Lisimame

Jumapili moja kila mwezi, vijana wa Mombasa wenye magari ya mbio tunakutana kwenye uwanja wa kuegesha. Boneti zinafunguliwa, simu zinatolewa, mtu anakanyaga mafuta, ekzosi inalia kama bunduki, na watu wanashangilia kama bao limeingia. Mwezi uliopita nilizunguka pale nikiuliza swali moja tu: mafuta ya breki uliyabadilisha lini? Niliwauliza madereva tisa. Wawili walikuwa na jibu. Mmoja alicheka akidhani namtania. Sita walianza kunieleza habari za turbo.

Nina ugomvi na wale sita. Nina haki ya kugombana nao kwa sababu miaka mitatu iliyopita ningekuwa wa saba.

Ugomvi wenyewe ni huu. Tumejifunza kuyatia makali magari ya zamani kabla hatujajifunza kuyarudishia afya. Tunachukua kigari cha miaka thelathini, chenye raba zilizokauka na mabomba yaliyoliwa na kutu, tunakiongezea nguvu ambazo hakikuwa nazo hata kilipokuwa kipya, halafu tunauita upumbavu huo mapenzi ya magari. Mimi nasema huo ni wizi. Tunaliibia gari miaka iliyobaki katika chuma chake, na kuna siku tutamwibia mtu miguu yake.

Nianze na gari lenyewe, ili isidhaniwe kwamba nazungumza kama mtu anayechukia mbio.

Langu ni Toyota Starlet GT Turbo, ile ambayo msimbo wake ni EP82. Toleo hilo lilianza kuundwa Japani mwaka wa 1989 na likafikia mwisho wake katikati ya miaka ya 1990. Kwa macho ya mpita njia ni Starlet kama ya mwalimu au ya muuguzi: milango mifupi, kiti cha nyuma cha kubana magoti, mlango wa mizigo unaofunguka kwenda juu. Tofauti inaonekana kwenye boneti, palipo na tundu la kumezea hewa. Chini ya tundu hilo pana kipoza hewa, na chini yake injini iitwayo 4E-FTE: silinda nne, sentimita za ujazo 1,331, turbo ndogo, nguvu za farasi 135. Gari zima lina uzito wa kilo mia nane na ushee. Vigari vya aina hii vilipata jina Ulaya mwaka wa 1976 Volkswagen ilipoanza kuuza Golf GTI, kisha mwaka wa 1984 Peugeot ikaleta 205 GTI: gari la kupelekea watoto shuleni na kubebea unga, lakini lenye injini ya kukutoa jasho. Wajapani walitengeneza la kwao, dogo zaidi na lenye turbo, na meli za mitumba zikatuletea.

Hazitaletwa tena. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo mlango wa EP82 ulifungwa zamani. Zilizopo ndizo zilizopo. Kila moja inayovunjwa injini au kubamizwa ukutani inapunguza hesabu isiyoweza kuongezeka. Ndiyo maana siwezi kumsikiliza mtu anayeniambia, "Ni gari lake, mwache."

Nililinunua langu kwa mzee mmoja wa Likoni aliyekuwa amelifunika turubai uani kwake kwa miaka. Nilitia betri mpya, nikasafisha tangi, nikabadilisha plagi, na siku ya tatu likawaka. Hilo ndilo lililoniponza. Gari la zamani likiwaka unaamini kwamba liko hai, kumbe kuwaka ni jambo jepesi kuliko yote. Linahitaji petroli, hewa na cheche. Kusimama kunahitaji vitu kumi na kadhaa, vyote viwe vizima kwa wakati mmoja.

Kabla ya mwezi kuisha nilikuwa nimelipeleka gereji moja mjini, kwa vijana niliowaona kwenye video. Walifanya mambo matatu. Walifunga kivalvu kidogo cha kuvujisha hewa, ili turbo isukume kupita ilivyopangiwa. Kompyuta ya injini ilipoona presha imezidi, ikawa inakata petroli ghafla, kama ilivyofundishwa kiwandani. Basi wakafunga kidude cha kuidanganya, kiwe kinaiambia kwamba presha bado ni ya kawaida. Mwisho wakaondoa sehemu ya katikati ya ekzosi. Ilikuwa kazi ya saa nne. Hakuna aliyelala chini ya gari kutazama magurudumu yanashikwa na nini.

Sikuwauliza. Nililipa kwa simu, nikarudi nyumbani nikinguruma hadi kivukoni, nikiwa na furaha ambayo hadi leo naikumbuka kwa aibu.

Wiki ya tatu, Jumamosi asubuhi, nilikuwa nampeleka mama sokoni Kongowea. Kutoka Likoni hadi kisiwani tunavuka kwa feri, na barabara ya kwenda kivukoni inateremka kuelekea majini. Asiyeijua Mombasa aelewe kwamba tangu Septemba 2019, gari lilipoteleza kutoka kwenye feri pale Likoni likazama na mtu na bintiye, hakuna mtu wa hapa anayeuchukulia mteremko ule kwa mzaha. Tulikaa siku nyingi tukitazama maji.

Foleni ilikuwa imesimama. Mbele yetu palikuwa na mtu wa mkokoteni aliyebeba mitungi ya maji. Nikakanyaga breki kama ninavyokanyaga siku zote. Kitu kikaachia chini upande wa kushoto, pedali ikazama hadi sakafuni, na gari likaendelea.

Sasa najua kilichotokea, kwa sababu baadaye nilivishika vipande kwa mkono. Mpira wa breki wa gurudumu la mbele, ule unaopinda kila gari linapokata kona, ulikuwa umejaa nyufa za uzee, ukapasuka. Breki za gari zina njia mbili, ili moja ikifa nyingine ibaki. Lakini pedali ilipozama, raba za ndani ya masta silinda zilisukumwa hadi mahali ambapo hazikuwa zimefika kwa miaka, penye kutu na tope la mafuta makuukuu, zikachanika. Njia ya pili ikafa sekunde ileile.

Nilivuta breki ya mkono, ikashika nusu. Nikaingiza gia ya kwanza na kulielekeza gari kwenye ukingo wa barabara. Lilipanda ukingo, likakwaruza chini, likaugonga mkokoteni ubavuni. Mwenyewe alikuwa amesharuka. Mitungi ilibingirika kuteremka kuelekea majini, watu wakiikimbilia. Mguu wangu ulikuwa umeteleza hadi kwenye mafuta, na katikati ya hayo yote injini ikanguruma vilevile nilivyokuwa nimeilipia.

Yule mtu wa mkokoteni alisimama akanitazama, kisha akalitazama gari. Hakutukana. Alisema, "Kijana, gari lako lasikika tangu Shika Adabu. Mbona halisimami?"

Mama hakusema kitu. Alichukua kikapu chake, akafungua mlango, akateremka kwa miguu akavuka pamoja na watu.

Nililipa mitungi na gurudumu la mkokoteni. Gari lilivutwa hadi nyumbani, likakaa chini ya mwembe miezi kumi na mmoja, na hapo ndipo nilipoanza kuwa na gari.

Nilipolifungua nilikuta breki ni nusu tu ya aibu yangu. Nilipima kompresheni: silinda ya kwanza, ya pili na ya nne zilikaribiana, lakini ya tatu ilikuwa na nusu yake. Nilipotoa pistoni niliona ukingo unaoshikilia ringi umemeguka kama kona ya biskuti. Wiki tatu tu za presha zaidi. Wale vijana wa gereji nilipowapelekea picha waliniambia, "Injini hizi ndivyo zilivyo, bro. Tafuta nyingine." Tafuta nyingine wapi?

Hapa naomba uvumilivu wa wale waliosoma sanaa, kwa sababu jambo hili likieleweka mara moja halisahauliki. Injini ya petroli hutaka mchanganyiko wa hewa na petroli uwake kwa utaratibu, moto ukianzia kwenye plagi na kuenea. Presha ikizidi, joto likizidi, au petroli ikiwa na okteni ndogo, sehemu ya mchanganyiko hulipuka yenyewe kabla moto haujaifikia. Mafundi husema injini inagonga. Ni nyundo juu ya pistoni, na injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila silinda inawaka mara 3,000 katika dakika hiyo. Kompyuta ya kiwandani huamua kiasi cha petroli kwa kusoma presha ya hewa. Sisi tulikuwa tumeifunga macho. Hewa iliongezeka, kompyuta ikaambiwa haijaongezeka, ikamwaga petroli isiyotosha. Na mchanganyiko wenye petroli pungufu, injini ikiwa chini ya mzigo, ndio unaozidisha joto na kugonga. Injini ilikuwa inalia, na ile ekzosi ya wazi niliyoilipia ilihakikisha kwamba sisikii.

Kile kikomo cha presha kiliwekwa na watu waliokaa na kalamu wakapiga hesabu ya pistoni hii, gasketi hii, petroli hii. Sisi tukaiita hesabu yao woga, tukainyamazisha kwa kidude chenye ukubwa wa kiberiti.

Najua nitakavyojibiwa, kwa sababu majibu hayo niliyatoa mimi kabla yenu.

La kwanza ni pesa. Breki ni ghali, presha ni bure. Nimeandika kila senti katika daftari, nami nakanusha. Mipira ya breki ya magurudumu yote, masta silinda, pedi, mabomba mapya ya chuma na mafuta ya breki vilinigharimu chini ya nusu ya nilichowalipa wale vijana kwa kivalvu, kidude na kelele. Starlet ya turbo ina ndugu zake wa kawaida tele barabarani, na spea nyingi zinaingiliana. Zisizopatikana Mombasa nilizipata Kirinyaga Road, Nairobi, baada ya kukataa bandia mbili zilizokuwa na boksi zuri kuliko halisi. Tatizo ni kwamba mpira wa breki haupigwi picha. Hakuna atakayeushangilia Jumapili. Tunalipa kwa furaha kinachoonekana na kusikika, kisha tunalia umaskini tukifika kwenye kinachotuweka hai. Tuseme hivyo basi, tusiseme pesa hakuna.

Na mafuta ya breki ni kitu kidogo kiasi gani! Mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi. Lakini yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa, na yakishanyonya vya kutosha kiwango chao cha chini ni nyuzi 155. Yakichemka hutoa mvuke, mvuke unabonyea, na mguu wako unabonyeza upepo. Sisi wa pwani tunaishi ndani ya unyevu. Shati likianikwa usiku halikauki. Yale niliyoyatoa kwenye gari langu yalikuwa na rangi ya chai ya mkandaa. Chupa moja ya mapya ni bei ya sahani mbili za biriani.

La pili ni hili: sisi si mafundi, tumesomea mambo mengine. Hili ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu linatoka kwa watu wenye shahada. Wewe uliyefaulu fizikia ya kidato cha tatu unajua kwamba nishati ya kitu kinachokwenda hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo wake. Ukitoka kilomita 60 kwa saa hadi 85 tu, breki zako tayari zina kazi mara mbili. Ukifika 120 ni mara nne. Hukuhitaji fundi akwambie hayo. Uliyaandika kwenye mtihani, ukapata alama, ukayaacha chumba cha mtihani. Vitabu vya ukarabati vya magari haya vipo, na kila nati ina kipimo chake cha kukazwa. Mtu aliyeandika tasnifu anaweza kusoma ukurasa wa breki.

La tatu hutoka upande mwingine, kwa wazee na wajomba: uza mkweche huo, tafuta gari la maana. Wanajiona ni kinyume cha wale vijana wa ekzosi. Mimi naona wamekaa benchi moja. Mzee anasema gari la zamani halifai kutengenezwa, litupwe. Kijana anasema gari la zamani halina haja ya kutengenezwa, liongezewe. Wote wawili wanaikwepa kazi ileile ya kulala chini, kufungua, kuosha, kupima, kubadilisha na kurudisha. Na ni kazi hiyo inayoamua kama kitu chochote tulichorithi kitaishi.

Wapo watakaosema nataka tufanane na Wazungu wenye gereji zenye sakafu ya rangi na vifaa ukutani. Hapana. Mfano wangu ni wa hapa hapa. Mwaka wa 1965 Joginder Singh na nduguye Jaswant walishinda Safari Rally kwa Volvo PV544 ambayo tayari ilikuwa imeshindana katika Safari ya mwaka uliotangulia. Waliichukua ikiwa imetumika, wakaiandaa, wakawashinda waliokuja na magari mapya. Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa, na baadaye alishinda tena mwaka wa 1974 na 1976. Safari ya enzi zile ilikuwa na maelfu ya kilomita za vumbi na matope. Mwaka wa 1963, na tena mwaka wa 1968, magari saba tu yalifika mwisho. Mbio zile hazikuwa za mwenye nguvu nyingi. Zilikuwa za aliyejua hali ya kila bushi na kila mpira wa gari lake. Hiyo ndiyo mila ya mwendo tuliyoachiwa katika nchi hii. Sijui ni lini tuliibadilisha na milio ya maegeshoni.

Mtaniuliza, basi hutaki tuyatie makali? Nataka. Ningekuwa sitaki ningenunua Starlet ya mwalimu. Lakini kazi ina mpangilio, na mpangilio huo haujali nani ana haraka.

Kwanza lisimame. Mipira, mabomba, masta silinda, pedi, diski, mafuta ya breki, breki ya mkono. Kisha tairi, soma tarakimu nne za mwisho za msimbo ulio ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka. Tairi zilizokuja na gari langu zilisomeka 3209, wiki ya 32 ya mwaka wa 2009, na kashata zake bado zilikuwa ndefu, kwa hiyo kila mtu alinisifia tairi nzuri. Zilikuwa ngumu kama soli ya buti.

Pili likate kona. Bushi, viungo vya usukani, shokabzoba. Gari lenye bushi zilizokufa huenda upande mmoja ukiongeza mafuta na upande mwingine ukiachia, na watu huita hali hiyo hasira za turbo. Ni ugonjwa.

Tatu lipoe. Rejeta isafishwe, mipira ya maji ibadilishwe yote pamoja, feni ifanye kazi, na maji ya bomba ya kwetu yenye chumvi yasikaribie injini.

Nne ndipo uingie katika injini: mkanda wa taimingi, kompresheni, pampu ya petroli, nozeli. Halafu ulirudishe gari kwenye presha ile ya kiwandani na uliendeshe hivyo miezi kadhaa. Wengi hawajawahi kuendesha GT Turbo yenye afya. Wanalinganisha gari bovu lenye presha kubwa na gari bovu lenye presha ndogo, halafu wanasema la kiwandani ni zito. Siku langu lilipotoka chini ya mwembe likiwa na presha ya kiwandani na silinda nne sawasawa, lilikuwa na kasi kuliko siku yoyote baada ya kutoka ile gereji.

Tano, ukitaka zaidi, kipimo kwanza. Saa ya presha, kipimo cha mchanganyiko wa hewa na petroli, sikio la kugonga, na kompyuta inayoweza kuambiwa ukweli badala ya kidude cha kuidanganya. Asiyepima haongezi nguvu, anabahatisha. Na akibahatisha barabarani, anabahatisha na watu ambao hawakuombwa kucheza.

Hayo yote yanafanyika nyumbani, na hapo ndipo nilipobadilika kuliko popote. Nilikuwa na seti moja ya spana, jeki, na stendi nne, kwa sababu mtu halali chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake, hata dakika moja. Niliweka boliti katika makopo ya maziwa ya unga na kuandika juu yake kwa kalamu. Jirani mmoja, dereva wa lori aliyestaafu, alikuwa akija jioni na kiti chake cha plastiki, akinitazama bila kunisaidia, ila akiniambia "rudia" kila nilipokaza kitu kwa kukisia. Nilirudia. Kuna nati moja ya kalipa niliirudia mara nne kwa sababu ya mzee yule. Gereji ile ya mjini haikuwahi kuniambia rudia hata mara moja. Walikuwa wanangoja gari linalofuata.

Nimeambiwa kwamba nikiandika hivi nawaharibia vijana riziki. Fundi mwenye gereji ana watoto, video zinamlisha. Naheshimu riziki. Lakini fundi anayekubali kuongeza nguvu katika gari ambalo hajalitazama breki anafanya kazi ambayo daktari angeifanyia wapi? Angempa mgonjwa dawa ya kukimbia bila kumpima moyo? Ninachotaka kwake ni kitu kimoja, nacho hakigharimu chochote: neno "bado." Gari lako bado. Lete likiwa limetengenezwa breki, ndipo tuongee turbo. Angeniambia hivyo siku ile ningekasirika, ningekwenda kwa mwingine, na huyo mwingine naye angeniambia bado, na pengine wa tatu. Gereji tatu zikisema bado, kijana anakwenda kununua mipira ya breki. Hiyo ndiyo sheria ya pekee ninayoamini inaweza kufanya kazi hapa, kwa sababu haingojei askari wala cheti.

Na kwako mwenye gari, wewe wa wale sita, sina neno la kukutisha. Nakwambia tu kwamba nilikuwa na bahati ya ukingo wa barabara na mtu mwepesi wa miguu. Mkokoteni ule ungesukumwa na mzee, hadithi hii ningeiandikia mahali pengine.

Mama hupanda gari langu siku hizi, lakini tukifika juu ya mteremko wa kivukoni huniambia nisimame, anashuka, anakwenda kwa miguu na kikapu chake. Nimemweleza kila kilichobadilishwa. Nimemwonyesha risiti. Amezisoma zote, akazikunja vizuri, akanirudishia. Huwa nateremka peke yangu nyuma yake polepole, mguu ukiwa juu ya breki, na naona haki yake kabisa.

Jumapili ijayo ya mkutano nitakuja na jeki, stendi nne, mpira wa kutolea hewa kwenye breki na chupa sita za DOT 4. Kubadilisha gari moja ni kama saa moja tukiwa wawili, mmoja kwenye pedali na mwingine chini. Nitaanza na gari litakalofika la kwanza. Boneti msifungue.